Siku Sita, Mechi Tano: Msimu wa 1899 wa Timu ya Sewanee

Katika historia ya michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, msimu wa kutoshindwa ni jambo linalotunzwa katika kumbukumbu kwa uangalifu mkubwa, na miongoni mwa misimu hiyo upo mmoja ambao, ijapokuwa umepita kwa zaidi ya miaka 120, bado humshangaza kila anayeusoma kwa mara ya kwanza. Mwaka 1899, kati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba, timu ya Chuo Kikuu cha Kusini, kilichopo katika mji mdogo wa Sewanee, jimbo la Tennessee, ilicheza mechi 12 za futiboli ya Marekani, ikazishinda zote, ikajikusanyia alama 322 na kuruhusu alama 10 tu. Wapinzani 11 kati ya 12 waliondoka uwanjani mikono mitupu. Tena mechi tano kati ya hizo zilichezwa ndani ya siku sita, katika miji mitano iliyo mbalimbali, kwa safari ya treni iliyofikia takriban kilomita 4,000.

Hesabu za namna hiyo huwafanya wasimulizi waseme habari za muujiza, na kwa kweli simulizi ya Sewanee imepambwa kwa lugha ya Biblia tangu zamani. Hata hivyo, anayeutazama msimu ule kwa makini huona kwamba uliwezekana kwa sababu zinazoeleweka, nazo ni kanuni za mchezo wa wakati ule, mtandao wa reli wa majimbo ya kusini na ukata uliokikabili chama cha michezo cha chuo kidogo. Sababu hizo hazipunguzi sifa ya wachezaji, ila zinaeleza kwa nini jambo hilo lilitokea wakati ule, na kwa nini halijarudiwa.

Mchezo ulivyokuwa

Futiboli ya Marekani isichanganywe na kandanda, kwani ingawa michezo yote miwili ina asili ya Uingereza, ule wa Marekani una undugu wa karibu zaidi na raga, ambamo mchezaji huubeba mpira mikononi na wapinzani humwangusha ili kumzuia. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo vya Marekani ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton, lakini siku hiyo wachezaji hawakuruhusiwa kuubeba mpira, na mchezo wenyewe ulifanana na kandanda. Katika miaka ya 1870 vyuo vikubwa vya mashariki viligeukia kanuni za raga, kisha Walter Camp, aliyekuwa mchezaji na baadaye kocha wa Yale, akaongoza mageuzi yaliyoutenga mchezo huo na mzazi wake. Mwaka 1880 msukumano wa raga, ambamo timu zote mbili hugombea mpira, uliondolewa, na badala yake timu moja ikapewa haki ya kuanza ikiwa na mpira mkononi, huku wapinzani wakijipanga mbele yake. Mwaka 1882 ikaongezwa sharti kwamba timu yenye mpira isogee mbele angalau yadi 5, yaani mita nne na nusu hivi, katika majaribio matatu, na ikishindwa iuachie upande wa pili.

Kanuni hizo ndizo zilizotumika mwaka 1899. Timu iliyofikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, tendo liitwalo tachidauni, ilipata alama 5, kisha ikaruhusiwa kupiga teke la kupitisha mpira kati ya milingoti ya goli kwa alama 1 ya nyongeza. Goli la teke lililopigwa mchezo ukiendelea lilikuwa na thamani ya alama 5, sawa na tachidauni yenyewe, na timu iliyobanwa ikiwa na mpira nyuma ya mstari wake iliwazawadia wapinzani alama 2. Kurusha mpira kwa mkono kuelekea mbele, jambo ambalo leo ndilo pambo la mchezo huo, kulikuwa marufuku hadi mwaka 1906, kwa hiyo mashambulizi mengi yalikuwa ya kusukumana kifua kwa kifua, wachezaji wakimkumbatia na kumvuta mwenzao mwenye mpira ili wapate yadi moja au mbili. Mechi ilikuwa na vipindi viwili vya dakika 35, ingawa manahodha waliweza kukubaliana kuvifupisha, na mchezaji aliyetolewa hakuruhusiwa kurudi. Kofia ya kukinga kichwa haikuwa ya lazima, na wengi waliingia uwanjani bila kinga yoyote isipokuwa suruali zilizoshonewa pamba na nywele zilizoachwa zirefuke.

Matokeo ya kanuni hizo yanastahili kuzingatiwa, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa kwanza wa msimu wa Sewanee. Kwa kuwa watu 11 walewale walishambulia na kulinda, chuo kidogo kilichokuwa na vijana wachache wenye nguvu na stahamala kiliweza kupambana na chuo kikubwa bila kuzidiwa na wingi wa wachezaji wa akiba. Futiboli ya leo, yenye kikosi kimoja cha kushambulia, kingine cha kulinda na kingine cha mateke, haimpi mnyonge nafasi hiyo.

Chuo cha mlimani

Sewanee ipo juu ya uwanda wa milima ya Cumberland, takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo treni ilifika kwa kupanda mteremko mkali kutoka mji wa Cowan. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1857 na dayosisi za kusini za Kanisa la Episkopo, ambalo ni tawi la Kianglikana nchini Marekani, na kati ya waasisi wake alikuwamo Leonidas Polk, askofu wa Louisiana, aliyemiliki watumwa na ambaye baadaye alikuwa jenerali wa jeshi la majimbo yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 mipango ya chuo ilisambaratika pamoja na utajiri uliotarajiwa kukigharimia, hata kilipofungua milango yake mwaka 1868 kilikuwa na wanafunzi tisa na walimu wanne.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanafunzi wa Sewanee walikuwa vijana wa kiume, Wazungu watupu, wengi wao kutoka familia za watu wenye nafasi katika majimbo ya kusini, na Mmarekani Mweusi hakuruhusiwa kusoma hapo wala kuichezea timu. Hata hivyo, katika msafara wa mwaka 1899 alikuwamo Cal Burrows, mtu Mweusi aliyekuwa mchuaji wa timu, yaani mtu wa kuikanda misuli na kuyafunga majeraha baada ya kila mechi. Katika safari ambayo wachezaji waliteremka uwanjani siku baada ya siku bila muda wa kupona, kazi ya mchuaji ilikuwa nguzo, na simulizi inayowataja walioshangiliwa na kumsahau yeye huwa nusu ya simulizi.

Kocha wa timu alikuwa Billy Suter, aliyejifunza mchezo huo Princeton, mojawapo ya vyuo vilivyoongoza katika futiboli. Nahodha alikuwa Henry Seibels, mkimbiaji kutoka Alabama, akisaidiwa na Ormond Simkins, mtu wa nguvu aliyepiga mateke na kupenya katikati ya ukuta wa wapinzani, pamoja na William Wilson, aliyekuwa kotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuugawa kwa wenzake.

Ukata, reli na meneja kijana

Mtu aliyeupanga msimu huo hakuwa kocha wala mkuu wa chuo, bali mwanafunzi wa miaka 20 aliyeitwa Luke Lea, meneja wa timu. Katika zama hizo michezo ya vyuo ilikuwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe, na meneja ndiye aliyetafuta wapinzani, akapatana nao kuhusu mgawo wa viingilio, akalipa nauli na kununua vifaa. Mechi iliyokuwa ikiiingizia Sewanee fedha nyingi ilikuwa ile ya kila mwaka dhidi ya Vanderbilt, chuo cha Nashville katika jimbo hilohilo, lakini mwaka 1899 mechi hiyo haikuchezwa kwa sababu vyuo hivyo viwili vilikosana juu ya mgawo wa mapato ya mlangoni. Pengo lililobaki katika sanduku la fedha lilihitaji kuzibwa, na kwa kuwa mji mdogo wa mlimani haukuwa na watu wa kutosha kuujaza uwanja, fedha zilipaswa kufuatwa zilipo.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini Sewanee ilipaswa kutunzwa ugenini. Kati ya mechi zake 12 za mwaka huo, tisa zilichezwa nje ya Sewanee, na ratiba yake inaonyesha wazi hesabu iliyokuwa kichwani mwa meneja, kwamba nauli ikishalipwa hadi mji wa mbali, haifai kurudi baada ya mechi moja. Msimu ulianzia Atlanta, ambako Georgia ilifungwa 12–0 tarehe 21 Oktoba na Georgia Tech ikafungwa 32–0 tarehe 23, timu ikiwa imepumzika Jumapili moja tu katikati. Baada ya kurejea nyumbani na kuzifunga Tennessee kwa 46–0 na Southwestern Presbyterian kwa 54–0, Lea alikuwa ameshaukuza mpango huohuo hadi kufikia kiwango ambacho hakuna meneja mwingine aliyekithubutu, akaandaa mechi tano mfululizo katika majimbo ya Texas, Louisiana na Tennessee.

Mpango huo usingewezekana miaka 30 kabla yake. Reli za kusini zilizovunjwavunjwa katika vita zilikuwa zimejengwa upya na kuunganishwa, na behewa la kulala, lenye vitanda vya abiria, liliweza kuhamishwa kutoka treni moja hadi nyingine bila abiria kuamshwa. Kwa wachezaji wa Sewanee behewa hilo lilikuwa hoteli, zahanati na chumba cha mikutano kwa wakati mmoja, nalo liliufanya usiku, ambao kwa wasafiri wa zama zilizotangulia ulikuwa muda wa kulala njiani, uwe muda wa kusogea mbele mamia ya kilomita.

Siku sita za Novemba

Msafara wa wachezaji 21 uliondoka mlimani tarehe 7 Novemba. Masimulizi ya chuo yanasema kwamba viatu vya kuchezea vilisahauliwa stesheni na vikatumwa kwa treni iliyofuata, na kwamba mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya Sewanee yalipakiwa ili wachezaji wasidhurike kwa maji ya ugenini. Tahadhari hiyo ya pili haikuwa ushamba, kwa maana katika miji ya kusini ya wakati ule maji machafu yaliambukiza homa ya matumbo, na timu yenye wachezaji 21 isingestahimili kuugua kwa watu watano.

Alhamisi ya tarehe 9 Novemba Sewanee iliishinda Texas mjini Austin kwa 12–0, katika mechi ambayo Seibels alipasuka kichwani, akafungwa jeraha lake na kuendelea kucheza, kwa kuwa kanuni ya kutorudi uwanjani ilimfanya kila mchezaji afikiri mara mbili kabla ya kukubali kutolewa. Kesho yake, Ijumaa ya tarehe 10, timu ilikuwa Houston na kuifunga Texas A&M kwa 10–0. Jumamosi ya tarehe 11, baada ya kusafiri usiku kucha kuelekea mashariki, ilikuwa New Orleans ambako Tulane ilifungwa 23–0. Jumapili haikuwa na mechi, kwa sababu chuo cha kanisa hakikucheza siku ya ibada. Jumatatu ya tarehe 13 Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana kilifungwa 34–0 mjini Baton Rouge, na Jumanne ya tarehe 14 safari ikafikia kilele chake mjini Memphis kwa ushindi wa 12–0 dhidi ya Mississippi. Mechi tano zilikuwa zimechezwa, alama 91 zimepatikana na hakuna hata moja iliyoruhusiwa.

Mashabiki wamezoea kusema kwamba timu ilishinda siku sita na siku ya saba ikapumzika, kwa kuiga maneno ya Kitabu cha Mwanzo. Usemi huo unapendeza, lakini mpangilio wa siku haukuwa hivyo, kwa kuwa mapumziko yalikuja katikati, baada ya mechi tatu za siku tatu mfululizo, na huenda Jumapili hiyo ndiyo iliyoiwezesha timu kufunga alama nyingi zaidi kesho yake kuliko ilivyofunga katika mechi nyingine yoyote ya safari. Ikumbukwe pia kwamba alama zilipungua tena Memphis, ishara kwamba miili ilikuwa imechoka na kwamba ushindi wa mwisho ulitokana na ulinzi zaidi ya mashambulizi.

Mtihani wa kweli

Baada ya kurudi nyumbani na kuifunga Cumberland 71–0 tarehe 20 Novemba, Sewanee ilikuwa na mechi kumi bila kuruhusu alama, lakini mechi mbili zilizobaki ndizo zilizokuja kupima uzito wa rekodi hiyo. Tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, ilikutana na Auburn mjini Montgomery. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watetezi wakuu wa kuruhusiwa kwa mpira wa kurushwa mbele, na ambaye jina lake limepewa kombe analotuzwa kila mwaka mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Heisman aliinoa timu yake icheze kwa kasi, ikianza jaribio lingine kabla wapinzani hawajajipanga, na mbinu hiyo iliutikisa ukuta ambao hakuna aliyekuwa ameutikisa. Auburn ilipata alama 10, ambazo ndizo pekee zilizoingia katika safu ya waliofungwa na Sewanee msimu mzima, na Sewanee iliponea kwa 11–10. Tofauti ya alama moja ilikuwa sawa na thamani ya teke moja la nyongeza, kwa hiyo msimu wote ulining'inia kwenye tendo dogo kuliko yote yanayohesabiwa katika mchezo huo.

Siku mbili baadaye, tarehe 2 Desemba, timu ileile ilikuwa Atlanta kuikabili North Carolina, na ikashinda kwa 5–0. Mashindano ya mwisho yalifanana na ya kwanza, yaani mechi mbili katika siku tatu, tofauti ikiwa kwamba sasa vijana walewale walikuwa wamebeba uchovu wa wiki sita.

Kipimo cha rekodi

Anayetaka kuihukumu rekodi hii kwa haki ni lazima ailinganishe na nyingine. Yale ya mwaka 1888 ilishinda mechi 13 kwa jumla ya alama 698 bila kufungwa, na Michigan ya mwaka 1901, chini ya kocha Fielding Yost, ilishinda mechi 11 kwa alama 550 bila kuruhusu hata moja. Kwa wingi wa alama, basi, Sewanee haikuwa ya kwanza. Tena, waliokuja kuwateua mabingwa wa taifa wa mwaka 1899 kwa kutazama nyuma walielekea zaidi Harvard, iliyoshinda mechi 10 na kutoka sare moja, na Sewanee haikuwahi kukutana na chuo chochote kikubwa cha mashariki, ambako mchezo ulikuwa umekomaa zaidi. Kusema kwamba ilikuwa bora kuliko zote nchini ni dai lisiloweza kuthibitishwa.

Linaloweza kuthibitishwa ni jambo jingine, nalo ni kwamba Yale na Michigan zilikuwa taasisi zenye watu wengi na fedha nyingi, ambapo Sewanee ilipata matokeo yake ikiwa na kikosi kidogo, ugenini, na dhidi ya vyuo vya majimbo vilivyoizidi kwa ukubwa. Orodha ya waliofungwa inasomeka leo kama orodha ya majina makubwa ya futiboli ya kusini: Texas, Texas A&M, Louisiana, Georgia, Tennessee, Auburn. Hiyo ndiyo sababu mwaka 2012, Ukumbi wa Heshima wa Futiboli ya Vyuo ulipowaalika mashabiki wapige kura kuchagua timu bora ya kihistoria, walioibuka washindi walikuwa Sewanee wa 1899.

Baada ya kilele

Mazingira yaliyouzaa msimu huo yalitoweka haraka. Mwaka 1905 vifo na majeraha ya wachezaji yalimfanya Rais Theodore Roosevelt awaite Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton, na mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa ili kuupanua mchezo: mpira ukaruhusiwa kurushwa mbele, na umbali wa kusogea ukawa yadi 10 badala ya 5. Chombo kilichoundwa kusimamia mabadiliko hayo ndicho kilichokuja kuwa NCAA, mamlaka kuu ya michezo ya vyuo Marekani. Kadiri miaka ilivyopita, viwanja vikubwa vilijengwa, makocha wakaajiriwa kwa mishahara minono, na vyuo vya majimbo vyenye wanafunzi maelfu vikavipita vyuo vidogo.

Sewanee ilikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi wa Shirikisho la Kusini-mashariki, ambalo siku hizi ni mojawapo ya ligi tajiri zaidi za vyuo, lakini kuanzia mwaka 1933 hadi 1940 ilipoteza mechi zote 37 ilizocheza dhidi ya wanachama wenzake, ikajitoa. Leo inacheza katika daraja la tatu la NCAA, ambamo vyuo haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo. Kuhusu watu wa msimu ule, Luke Lea alianzisha gazeti mjini Nashville, akawa seneta wa Marekani kuanzia 1911 hadi 1917, na Januari 1919 akaongoza kikundi kidogo cha wanajeshi kilichoingia Uholanzi kwa nia ya kumkamata Kaiza Wilhelm II wa Ujerumani, jaribio lililoambulia patupu. Seibels aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Futiboli ya Vyuo mwaka 1973.

Kwa hiyo, msimu wa Sewanee haukuwa muujiza, wala haukuwa bahati. Ulikuwa kazi ya meneja aliyeujua mtandao wa reli, ya mchuaji aliyewarudisha watu uwanjani, na ya wachezaji 21 waliokuwa na kanuni zinazowapa wachache nafasi mbele ya wengi. Kanuni hizo zimebadilika, na mechi tano ndani ya siku sita haziruhusiwi tena na yeyote anayejali afya ya wachezaji. Rekodi hiyo itabaki ilivyo, kwa sababu mchezo ulioizaa haupo tena.